Utando Juu ya Kidonda

Nasambu aliamka kila siku kabla ya honi ya karakana ya reli. Alichemsha chai, akamwandalia mumewe nguo za kazi. Mumewe, Opicho, alikuwa fundi wa mabehewa. Walikaa mtaa wa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Binti yao Triza alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo walibaki wawili tu.

Masika ya mwaka wa 1996, bati lilimkata Opicho chini ya goti. Alifanya kama wanaume wengi mtaani. Alinunua dukani vidonge vya rangi mbili, akavifungua, akamwaga unga wake juu ya jeraha. Unga ukakauka na kushikamana. Juu palikuwa pakavu, chini pana usaha. Mvua ikaisha, baridi ya Julai ikaingia, na kidonda bado kilikuwa wazi.

Sasa kilikuwa kinanuka. Opicho akaanza kujitenga. Alikula akiwa ameketi karibu na mlango. Akahama kitandani, akalala kwenye kochi, akisema mguu unahitaji nafasi. Nasambu alijua si nafasi.

"Rudi kitandani," alimwambia. "Mimi nimekuzoea wewe. Sikuzoea manukato."

Opicho alitabasamu kidogo, lakini hakurudi.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Adoyo, muuguzi katika zahanati moja ya misheni upande wa Makadara. Jumamosi moja walikutana kwenye mfereji wa maji. Nasambu alikuwa na sufuria aliyopikia mrenda, ile mboga yenye utelezi. Akamweleza Adoyo yote kwa sauti ya chini, kana kwamba anamsengenya mumewe. Alisema anaogopa mguu utakatwa.

Adoyo hakumkemea. Aliuliza kidonda kina rangi gani. Aliuliza kama Opicho huona kiu sana au hukojoa mara kwa mara, maana ugonjwa wa sukari nao huchelewesha vidonda kupona. Kisha akafungulia maji ndani ya ile sufuria.

"Pitisha kidole, Mama Triza. Ute umetoka?"

"Haujatoka. Mrenda hautoki kwa kusuuza, Sista. Lazima usugue."

"Kidonda cha Baba Triza kiko hivyo hivyo. Bakteria ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikikaa kwenye kidonda muda mrefu, hushikamana na kujitengenezea ute. Ute huo unakuwa utando, na ndiyo nyumba yao. Ukimwaga dawa juu, bakteria walio chini hawaguswi. Wanazaana tena."

"Na ule unga wa vidonge?"

"Ule unawafunika blanketi tu. Vidonge vile ni vya kumeza, tena daktari akikuandikia."

Kazi ikawa kumshawishi Opicho. Aliona haya jirani kumwona mguu. Alisema atangoja kidogo, labda kitakauka chenyewe. Nasambu aliketi naye pale karibu na mlango.

"Kama huu mguu ungekuwa wangu," alimuuliza, "ungekubali niufiche?"

Opicho aliinuka. Akachukua koti lake.

Kule zahanati, daktari alimpima sukari, akakuta iko sawa. Alichunguza mguu, akasema mfupa haujaguswa bado, ila wamefanya vizuri kuja. Adoyo alinawa mikono, akavaa glavu, akapaka dawa ya ganzi. Akaanza kukwangua ule utando polepole, mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Opicho alifumba macho. Nasambu alimshika bega na hakuliachilia.

Adoyo akalowesha shashi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa dawa isiyo na rangi, akaiweka juu ya kidonda na kuiacha kwa muda. Opicho akauliza ni dawa gani.

"Inatokana na polima," Adoyo alisema. "Polima ni chembe ndogo sana zilizoungana, kama shanga kwenye uzi mrefu. Uzi huu hung'ang'ania ngozi ya bakteria na kuipasua. Pia huwazuia wasijenge ute upya. Lakini tusipokwangua kwanza, hauwafikii wote. Na dawa hii si ya kunywa, wala si ya kujipaka ovyo."

Opicho alifumbua macho. "Kumbe ni kama kutu. Hupaki rangi juu ya kutu. Unaikwangua kwanza, halafu rangi ndiyo inazuia isirudi."

Adoyo alicheka, akasema kuanzia siku hiyo atawaeleza wagonjwa wake hivyo.

Nasambu alifundishwa kazi ya nyumbani. Anawe kwa sabuni kabla na baada ya kufunga kidonda. Atumie maji yaliyochemshwa yakapoa. Asiguse upande wa shashi unaolala kwenye kidonda. Bandeji iliyotumika asiirudie.

Harufu ilikuwa ya kwanza kuondoka. Halafu kazi ikazidi karakanani, Opicho akaacha kwenda zahanati kwa muda, na ute ukaanza kurudi. Nasambu aliuona yeye kwanza. Hakugomba. Alimfungia mguu, akampeleka mwenyewe, na Adoyo akakwangua tena. Baada ya hapo Opicho hakukosa hata siku moja. Kingo za kidonda zikaanza kusogea ndani, laini na nyekundu kidogo kama mdomo wa mtoto.

Oktoba ikielekea kuisha, Adoyo alifungua bandeji na hakufunga nyingine. Ngozi mpya ilikuwa imefunika kote.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kando ya Jogoo Road. Magari yalikuwa mengi, na watu wengi zaidi. Opicho akaushika mkono wa mkewe. Wanaume wa rika lake hawakuwa na mazoea hayo barabarani. Nasambu alitazama nyuma, akatazama mbele.

"Baba Triza, watu wa kanisani watatuona."

"Na waone," Opicho alisema.

Hakumwachilia mpaka Makongeni.