Kadi Mahali pa Faili

Boksi namba 219 lilifika kwenye mashine ya kusaga karatasi likiwa na lakiri ambayo haikuwa yake. Kwenye orodha, namba ya lakiri ya boksi hilo iliishia na 47. Kwenye boksi lenyewe iliishia na 12. Maana yake ilikuwa moja tu: baada ya boksi kufungwa na kabla ya kupakiwa, mtu alikuwa amelifungua, akafanya alichofanya, akalifunga tena kwa lakiri mpya.

Msimamizi wa wahamishaji aliisoma namba ile mara tatu. Kazini walimwita Lakiri, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa akihamisha siri za watu, mafaili ya hospitali, ya mahakama, ya mabenki, na alikuwa hajawahi kufikisha boksi lililoguswa.

"Labda uliandika vibaya," dereva wake alinong'ona. "Macho nayo yanazeeka."

"Sikuandika vibaya."

"Basi tuseme uliandika vibaya."

"Nyamaza, mzee mwenzangu."

Mkaguzi alikuwa ameshaona. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye suti ya kijivu, aliyetumwa na bodi ya shirika kushuhudia mafaili ya zamani yakisagwa. "Kanuni inasemaje, bwana?"

"Lifunguliwe mbele ya mashahidi."

"Fungua basi."

Lakiri alikata lakiri, akainua kifuniko. Mafaili yalikuwa yamesimama wima, yamebanana kama meno. Katikati yao, mahali ambapo faili moja lilikosekana, palisimama kadi ya kijani.

Kila masjala ina kadi kama hizo. Faili likitoka mahali pake, kadi huingia: namba ya faili, majina yaliyo kwenye jalada, nani amelichukua, lini. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuona kadi ndani ya boksi linalokwenda kusagwa.

"Mwizi gani huyu anaacha risiti?" dereva aliuliza.

Lakiri aliichomoa kadi. Akaisoma. Jina la mlezi: marehemu baba yake. Jina la mtoto: lake mwenyewe, yote matatu. Aliyechukua: saini ndefu yenye mkia uliojikunja, saini aliyoijua kuliko yake, maana kwa wiki tatu alikuwa akiiona chini ya kila orodha, na juu ya vikaratasi alivyobandikiwa kwenye chupa yake ya chai.

Ilikuwa saini ya mwanamke ambaye Lakiri alitaka kumwoa.

*

Walikutana ukumbini, siku ya kwanza ya kuhama. Shirika lile lilikuwa limefanya kazi ya kuwatafutia watoto walezi kwa miaka hamsini, na sasa jengo lake lilikuwa limeuzwa. Meza zilikuwa zinashuka, makabati yanapanda, watu wanagongana mabega na kuombana radhi. Katikati ya vurugu hiyo, mbele ya mlango wa masjala, alisimama mwanamke ametanua mikono. Gauni la zambarau iliyokolea, glavu nyeupe za pamba, penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Hilo toroli haliingii humu," alisema.

"Dada, mimi ndiye mhamishaji."

"Hata ungekuwa mwenye jengo. Magurudumu yana matope. Futa kwanza."

Lakiri, mtu wa miaka thelathini na tisa, mwenye watu kumi na wawili chini yake, alipiga magoti akafuta magurudumu manne kwa leso yake. Aliponyanyuka alimkuta mwanamke anajizuia kucheka.

"Hilo la nyuma umelisahau, bwana."

"La nyuma nimekuachia wewe, Bibi Masjala."

Jina likamkaa. Baada ya siku mbili walikuwa wanakula pamoja kwenye ngazi za nyuma. Baada ya wiki, simu zao zilikuwa zinalia hata pale walipotenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Uko wapi?" angeuliza Bibi Masjala.

"Nyuma ya kabati lako la tatu."

"Unafanya nini huko?"

"Nasubiri unipigie."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mafaili yaliyofungwa miaka ya karibuni yaliwekwa lakiri ya bluu, yakaenda kwenye ghala jipya. Yale yaliyofungwa zaidi ya miaka thelathini na mitano iliyopita yaliwekwa lakiri nyekundu, yakasubiri kusagwa. Bodi ilikuwa imeamua hivyo, nafasi haitoshi. Wahamishaji waliona namba tu. Majina aliyaona Bibi Masjala peke yake, aliyeyapanga mafaili maboksini kwa mkono wake.

Siku moja pale ngazini, Lakiri alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Unajua mimi nilitoka humu?"

"Humu wapi?"

"Kwenye shirika lenu. Baba alinichukua nikiwa na miaka miwili."

Bibi Masjala aliacha kutafuna. "Na mama aliyekuzaa?"

"Sijui hata kama alikuwa mrefu au mfupi."

"Ungependa kujua?"

"Nikijua nitafanya nini? Nimeshaota ndevu."

Alicheka. Huo ulikuwa uongo. Tangu amzike baba yake mwaka uliopita, swali hilo lilikuwa linamtafuna kimyakimya, na hakujua aanzie wapi kuuliza. Bibi Masjala hakucheka. Alimtazama tu, kisha akamfutia makombo kwenye kola ya shati.

Jioni yake Bibi Masjala alimpigia simu. "Mama anauliza wewe ni mtoto wa nani."

"Mwambie wa baba yangu."

"Atauliza upande wa mama."

"Mwambie foleni ni ndefu, na mimi mwenyewe niko mbele yake."

Walicheka wote wawili, lakini baada ya kukata simu Lakiri alihisi kama amekanyaga mwiba.

*

Ndiyo maana, akiwa amesimama mbele ya mashine na kadi mkononi, wazo lililomjia lilikuwa hilo hilo moja. Mama mtu amedai kujua, na binti amekwenda kuangalia. Amemkagua kama mtu anayekagua nyanya, ageuze huku, abonyeze kule, ndipo aamue kama anunue.

Mkaguzi alipiga simu ofisini. Haikupita saa nzima, faili likaletwa ndani ya bahasha. Lilikuwa limekutwa kwenye droo ya meza ya masjala, na mwenye meza alikuwa ameambiwa akae nje asubiri barua yake ya kufukuzwa.

Mkaguzi alihesabu kurasa mwenyewe. Arobaini na moja. Kisha akatazama jalada, akatazama kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwa Lakiri.

"Jina hili ni lako?"

"Ni langu."

Mashine ilikuwa inanguruma. Mkaguzi alisogea karibu, sauti ikashuka. "Kanuni hainiruhusu nikupe. Lakini naweza kulizuia boksi hili hadi kesho, niiulize bodi. Sema tu."

Dereva alimshika kiwiko. "Sema, ndugu yangu."

Lakiri alilitazama faili lake. Lilikuwa jembamba kuliko alivyowahi kudhani. Alichokiona akilini ni Bibi Masjala na mama yake wameketi wanalisoma, ukurasa kwa ukurasa, wanatazamana.

"Saga," alisema.

Faili likarudishwa boksini, akatia saini. Mashine ililimeza boksi zima kwa muda mfupi kuliko ule wa kumimina chai.

Simu yake ililia mara nne njiani. Ya tano akapokea.

"Ulinipeleleza," alisema kabla ya salamu.

"Lakiri, nisikilize. Faili liko wapi?"

"Limesagwa."

Sauti ikawa ndogo: "Mkaguzi si alikuwepo? Nani aliruhusu?"

"Mimi."

Hakulia, hakujitetea. Lakiri alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu, polepole, kama inavyowekwa glasi iliyojaa pomoni. Haikukatwa. Alisikia magari yakipita upande wa pili, na mtu anahema. Hakuelewa kwa nini aliyepigwa na butwaa awe Bibi Masjala.

*

Siku kumi na moja zilipita bila neno. Ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha bluu aliingia kwenye yadi ya kampuni, akapita katikati ya malori kama aliyeyanunua.

"Lakiri ni nani hapa?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, ingawa hustahili. Mimi ndiye yule niliyeuliza wewe ni mtoto wa nani."

Dereva alianza kujifuta mikono isiyo na uchafu, akaondoka.

"Unajua binti yangu alinijibu nini?" mama aliendelea. "Alinijibu, mama, usiniulize tena, hata yeye hajui, na linamuuma. Nikanyamaza. Mimi nikiambiwa nyamaza huwa sinyamazi, waulize majirani. Ila siku hiyo nilinyamaza." Alitoa karatasi mkobani. "Hii ilikuwa kwenye droo moja na faili lako, bado haijapelekwa. Wameibandika kwenye barua ya kumfukuza, eti ushahidi. Soma, una macho."

Ilikuwa barua kwa bodi, ya tarehe ile ile iliyokuwa kwenye kadi.

*Naomba faili hili litolewe kwenye orodha ya kusagwa. Mwenyewe yuko hai na hajapewa nafasi ya kuliomba. Nimelitoa kwenye boksi na kuacha kadi mahali pake. Sijalifungua. Nikikataliwa, nitalirudisha mwenyewe.*

Lakiri aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi juu ya tairi, na hakukumbuka aliketi saa ngapi.

"Hakusoma?" aliuliza.

"Baba, mtoto wangu hasomi hata meseji zangu bila kuomba ruhusa," mama alisema. "Haya, nyanyuka. Yuko nyumbani."

Bibi Masjala alifungua mlango akiwa na gauni la kushindia lililochakaa mabegani, nywele hazina penseli. Hawakusalimiana.

"Kwa nini hukuniambia?" Lakiri aliuliza.

"Nikuambie nini? Bodi ingekataa je? Ningekupa mama asubuhi, nikunyang'anye jioni."

"Na ile kadi? Usingeiacha, mkaguzi asingejua ni nani."

"Faili likitoka bila kadi limeibwa. Mimi siibi." Aliutazama mkono wake. "Mkono uliiandika wenyewe, hata sikufikiri. Na kibunda cha lakiri kilikuwa kimebaki mezani, nikachukua ya juu. Nikasahau kwamba orodha mnayo ninyi."

"Hukusoma hata ukurasa mmoja."

"Halikuwa langu."

"Ungesoma." Lakiri aliegemea ukuta. "Ungesoma mmoja tu, leo ungenisimulia."

"Unadhani silijui hilo? Nalijua tangu uliponiambia, limesagwa." Alijishika ukingo wa mlango. "Kulikuwa na kitu kigumu katikati, kimebanwa na pini. Kama picha. Nilikigusa kwa nje tu, kwenye jalada."

Lakiri aliketi kwenye kizingiti, mtu mzima, akaufunika uso kwa mikono miwili. Bibi Masjala alisimama kidogo, kisha akaketi kando yake, bega kwa bega. Ndani ya nyumba mama aligonganisha sufuria kwa makusudi, ili wajue kwamba hasikilizi.

"Unichukie, basi," Lakiri alisema mwishowe. "Nimekupotezea kazi yako."

"Nimejaribu siku kumi na moja. Nimechoka."

"Mimi nimejichukia siku moja tu, na nimeshachoka."

"Zoea. Bado unazo nyingi."

Lakiri alimshika mkono. Haukuwa na glavu, ulikuwa na alama za wino zisizotoka. "Nioe... la, nimesema vibaya. Nikuoe?"

"Muulize mama. Amesimama nyuma ya mlango."

"Nimekubali," mama alisema kutoka nyuma ya mlango.

Walioana mwezi wa tano. Bibi Masjala hakupata masjala nyingine. Kila alipoomba, waliuliza kwa nini aliondoka, naye akawaambia ukweli. Lakiri aliiandikia bodi mara tatu, akajibiwa mara moja, kwamba hakuna nakala.

Gharama ni hii. Kazi ya miaka kumi na sita, ya mke. Kurasa arobaini na moja, za mume. Jina la mama mmoja. Na picha moja, kama ilikuwa picha.