Kila Kondoo na Hori Lake

Kila asubuhi Mama Kufuli alifungua makufuli matatu kabla hajanywa chai. La kwanza lilikuwa la stoo ya chakula cha mifugo. La pili lilikuwa la banda. La tatu lilikuwa la geti dogo la nyuma. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina hilo, na yeye hakulikataa.

Bandani kulikuwa na kondoo kumi na wanne. Alikuwa akiwachukua wakiwa wadogo, anawanenepesha miezi mitatu, kisha mwenye bucha wa sokoni anawachukua. Kazi hii ilianza baada ya msumeno wa mashine kumkata vidole viwili mume wake, fundi seremala. Tangu siku hiyo fundi alifanya kazi polepole, na kondoo ndio walioinjika chungu jikoni.

Madume saba walikuwa wa Mama Kufuli. Majike saba walikuwa wa wifi yake, dada mdogo wa fundi. Huyo alikuwa mshona nguo, na aliishi katika chumba cha uani. Kondoo wote walilala banda moja na kula hori moja. Walikula pumba na mahindi ya kuparaza, ndoo tatu asubuhi, ndoo tatu jioni. Nyasi walipata zikipatikana.

Jumanne moja mwenye bucha aliingia uani bila hodi. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Akautupa juu ya meza ya seremala, katikati ya maranda.

"Kulikoni?" Mama Kufuli aliuliza.

"Fungua."

Akafungua. Ndani mlikuwa na pande la mafuta meupe, lenye unene wa vidole vitatu.

"Huyo ni jike wenu niliyemchinja jana," mwenye bucha alisema. "Mimi nauza nyama au sabuni? Mteja amenirudishia mbele ya foleni nzima. Na dume wenu je? Nimetoa ngozi, nimetoa kichwa na matumbo, nikabaki na mifupa. Lakini hayo yote ningeyameza. Yule jike alikuwa na mimba. Nimepasua tumbo, nakuta kitoto. Mkono wangu huu umechinja mwenye mimba kwa sababu yenu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Akajiziba mdomo.

"Mkiniletea tena wa namna hiyo, tusijuane," mwenye bucha alisema. Akaondoka. Mafuta akayaacha mezani.

Mama Kufuli alimgeukia wifi yake.

"Majike wako wanakula haki ya madume wangu."

"Wanakula kinachomwagwa horini. Anayemwaga ni nani?"

"Unawaongezea makombo kwa siri."

"Siri gani katika nyumba hii, wifi? Wewe unafungia hadi ufagio."

"Usinijibu hivyo nyumbani kwangu."

"Ni kwa kaka yangu pia."

Fundi alijaribu kusema neno, hakuna aliyemsikia. Alibanwa kati yao kama ubao kwenye jiliwa. Mwishowe akarudi kwenye randa yake.

Mama Kufuli hakula mchana huo. Neno "mifupa" lilimkaa kooni. Alikwenda bandani, akawatoa madume wawili wakubwa, akawafungia pembeni kwa mbao. Kisha akafungua stoo. Akajaza beseni mahindi matupu, bila pumba, bila unyasi hata mmoja.

"Mifupa?" alisema peke yake. "Nitamwonyesha mifupa."

Madume walikula hadi wakaramba beseni. Jioni akajaza tena.

Jumatano wale wawili walikataa chakula. Walisimama vichwa chini. Mkubwa alisaga meno. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kukaza kama ngoma, na kinyesi chake kilikuwa maji yenye harufu ya uchachu. Alhamisi alfajiri Mama Kufuli alimkuta amekufa, miguu imenyooka.

Hakulia. Alichukua ndoo akaenda bombani, mahali ambapo wanawake wote wa mtaa huteka maji. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Wifi yangu ameniulia kondoo. Amemtilia sumu. Muwe mashahidi."

Wanawake walitazamana. Maneno yalifika nyumbani kabla ndoo yake haijajaa.

Fundi aliposikia aliweka kalamu yake ya mbao chini. "Kama ni sumu, basi aje anayejua sumu," alisema. Akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu virefu vya mpira. Alifika saa sita mchana. Nyuma yake walikuja majirani, maana hakuna asiyetaka kuona sumu. Hakuuliza habari za nyumbani. Alivaa glavu, akampasua kondoo tumbo kwa kisu, na harufu kama ya unga uliochacha ikajaa uani. Akaingiza mkono akatoa konzi ya mahindi.

"Sumu yenu hii hapa," alisema.

"Mahindi si sumu," Mama Kufuli alijibu. "Kondoo wangu wanakula mahindi kila siku."

"Kidogo ni chakula. Mengi kwa ghafla ni sumu. Tumbo la kondoo limezoea majani. Ndani yake kuna vijidudu vidogo sana vinavyomsaidia kusaga. Ukimjaza mahindi siku moja, vijidudu havijajiandaa. Mahindi yanachacha tumboni, asidi inajaa, inaingia hadi kwenye damu. Kondoo anakufa huku ameshiba. Sasa nauliza. Nani alimpa?"

Majirani wakasogea karibu wasikie.

"Basi nitauliza vingine. Ufunguo wa stoo anao nani?"

Fundi alimtazama mke wake. Majirani nao wakamtazama. Jina lake lilikuwa limeshajibu.

"Mimi," Mama Kufuli alisema. "Nilimpa mimi."

Wifi hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Saa tatu asubuhi leo," wifi alisema, "mteja wangu amekuja kuchukua kitambaa chake. Sijakikata bado. Anasema anaogopa mkono wa muuaji. Umenichafua bombani, wifi. Bombani. Kwa hasira ya mafuta na mifupa."

"Nilidhani..."

"Hukudhani. Ulikasirika."

"Mtamalizana baadaye," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko zao. "Kuna mwingine anaumwa pale. Fundi, mshike kichwa." Akamnywesha yule dume wa pili dawa ya kupunguza asidi. "Mahindi asipate tena kwanza. Nyasi kavu na maji tu. Na nyinyi nyote, nimeitisha mkutano wa wafugaji mtaa huu mara tatu. Mara tatu nimehutubia viti. Leo kondoo amekufa ndiyo nawaona mmejaa."

Majirani waliinamisha macho. Mama Kufuli alikuwa bado anachemka. Sasa hasira yake haikujua imwendee nani, ikamwendea daktari.

"Haya, mtaalamu. Tuambie basi. Kondoo ni kondoo. Kwa nini hori moja litoe mmoja mafuta, mwingine mifupa?"

"Kwa sababu mmoja ni dume na mwingine ni jike. Kondoo dume kijana hujenga nyama kwa muda mrefu. Jike hujiandaa kuzaa, kwa hiyo huanza kuweka mafuta mapema. Umempa jike mahindi miezi mitatu. Ulitaka atoe nini?"

"Kama dume hujenga nyama, mbona wangu alikuwa mifupa mitupu?"

"Anaijenga kwa kutumia nini? Pumba na mahindi vinatia nguvu. Nyama inataka na chakula cha kujenga mwili. Mashudu ya alizeti yako wapi? Sijayaona hapa. Tena umewaweka pamoja. Kutwa madume wanapigana na kukimbiza majike. Chakula chao kinaishia miguuni. Majike wanabaki horini peke yao, wanakula mara mbili. Halafu unashangaa bucha imekuta mimba."

Fundi alikohoa. "Na tukiwahasi madume, daktari?"

"Aliyehasiwa hukaa katikati. Anatulia, hasumbui majike. Lakini huongezeka polepole kuliko dume mzima, na mafuta yake ni mengi zaidi. Wewe una mbao na misumari. Watenge."

Wifi aliuliza bila kumtazama Mama Kufuli. "Majike wale nini?"

"Nyasi kavu nyingi, mahindi kidogo, mashudu kidogo. Na usiwangoje miezi mitatu. Jike mwuze mapema, akiwa mwepesi. Kila wiki mguse mgongo. Uti wa mgongo usikike chini ya vidole, lakini usichome. Ukishindwa kuupata, umechelewa."

"Na madume?" Mama Kufuli aliuliza.

"Wapewe nyasi kwanza, kila siku. Mahindi waanze na konzi mbili kwa kila mmoja, asubuhi moja, jioni moja. Kila baada ya siku tatu ongeza konzi moja, hadi wiki ya tatu. Changanya na mashudu. Weka chumvi ya kulamba, na maji safi yasikauke hata saa moja. Dume anayekula nafaka bila maji ya kutosha hupata vijiwe, mkojo unaziba. Hapo utanipigia simu tena, na nitakuja nimekasirika zaidi."

Akaosha mikono. Kabla hajaondoka aliwapapasa majike tumbo mmoja mmoja. Wawili walikuwa na mimba. "Hawa si wa bucha," alisema. "Wazae." Akaagiza mzoga ufukiwe shimo refu, asiule mtu wala mbwa.

Siku hiyohiyo fundi alianza kupiga misumari. Kwa mkono wenye vidole vitatu kazi ilichukua siku tatu, na kufikia hapo yule dume mgonjwa alikuwa ameanza kula tena. Aligawa banda katikati kwa ukuta wa mbao, akatengeneza hori la pili. Alilifanya fupi, kwa sababu majike walihitaji kidogo.

Lakini nyumba ilikuwa imegawanyika kuliko banda. Wifi alipika chumbani kwake. Alipita uani kama anapita kituo cha basi. Mteja mwingine alichukua kitambaa chake. Mama Kufuli alijiambia kwamba wifi anajidai, kwamba daktari alimdhalilisha, kwamba bucha ndiyo iliyoanza. Siku ya tano alichoka kujidanganya. Aliyekuwa akimkasirikia alikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi alikwenda kugonga chumba cha uani. "Wifi, nisamehe."

Wifi aliendelea kukanyaga cherehani. "Hapa ndipo uliponitukana?"

"Hapana."

"Basi."

Mama Kufuli alichukua ndoo yake. Bombani kulikuwa na foleni ndefu. Miguu ilikuwa mizito, lakini sauti aliitoa ileile iliyosikika hadi barabarani.

"Nilisema wifi yangu ameua kondoo wangu. Nilisema uongo. Nilimlisha mimi, kwa hasira na kwa kutojua. Mkono wake ni safi. Mwenye kitambaa akirudishe."

Mwanamke mmoja alianza kucheka. Mama Kufuli alimtazama, kicheko kikakatika.

Jioni wifi alimkuta bandani. "Nimesikia," alisema. "Hasira yangu bado ipo, usidhani imeisha. Lakini hori la majike kuanzia leo ni langu. Nipe ufunguo wangu wa stoo."

Kumpa mtu ufunguo lilikuwa jambo ambalo Mama Kufuli hakuwahi kulifanya maishani. Kesho yake akachongesha wa pili kwa fundi makufuli, akampa.

Walijifunza polepole. Kila Jumamosi fundi alining'iniza mizani kwenye boriti, wakamweka kondoo mmoja mmoja ndani ya gunia. Wiki ya kwanza madume hawakuongezeka kitu, na Mama Kufuli alitaka kumwaga ndoo nzima. Wifi alisimama mbele ya hori.

"Konzi tatu kila dume. Hesabu mbele yangu."

"Unanifunga kufuli?"

"Ndiyo."

Akahesabu. Baada ya wiki tano dume mmoja alikuwa ameongezeka kilo sita, jike kilo nne. Wiki ya nane wifi aligusa migongo ya majike wake, akasema wametosha. Mama Kufuli aliona ni wepesi mno. Walibishana hadi chai ikapoa, lakini majike walikuwa wa wifi, wakaenda, isipokuwa wale wawili wenye mimba. Madume walikaa wiki nne zaidi.

Mwenye bucha aliwapokea majike kwa kununa. Aliwachinja, akakuta tabaka jembamba tu la mafuta, la kutosha kulainisha nyama. Walipokuja madume, mapaja yalijaa na mifupa haikuonekana. Siku hiyo nyama iliisha kabla ya adhuhuri, na wateja wakauliza itakuja lini nyingine.

Wiki hiyohiyo wale majike wawili walizaa, mmoja mapacha. Daktari alipita kuwaona. Alikagua nyasi, akatia kidole kwenye maji, akatafuta kosa na hakulipata. Safari hii mkutano wake ulikuwa umejaa, na waliokosa nafasi walisimama dirishani.

Mwenye bucha naye alikuja. Alitaka majike kumi kwa mwezi ujao, wale wepesi, wenye nyama laini. Alimwambia Mama Kufuli, kwa kuwa ndiye aliyezoea kupatana naye.

Mama Kufuli alimwonyesha chumba cha uani, cherehani ilipokuwa ikilia.

"Muulize wifi yangu," alisema. "Kwa majike, mtaalamu ni yeye. Na ongea naye vizuri, maana hasamehi haraka."