Mguu wa Mume Wangu Kwenye Dari ya Mama

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumanne. Mguu wa mtu ulitoboa dari ya chumba cha mama yangu na kuning'inia hewani.

Mguu mmoja. Wa kulia. Hadi gotini.

Unga wa jipsamu ukamwagika juu ya shuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kipimajoto mkononi, kwa hiyo nilikisoma kwanza. Nyuzi thelathini na nne.

Kisha nikatazama soksi. Ya kijivu, kisigino kimeshonwa kwa uzi mweusi. Uzi ule niliutia mimi mwenyewe, nilipokosa wa kijivu.

Mwenye soksi alikuwa ameniaga saa kumi na mbili asubuhi ile. Alisema ana kikao kwenye tawi la mbali la kazini kwao, mwendo wa saa tatu kwa gari.

Sikupiga kelele. Nilisema tu:

"Kikao kinaendeleaje?"

Vidole ndani ya soksi vikajikunja.

Halafu sauti ikatoka juu, ya chini chini:

"Naomba usishtuke."

"Sijashtuka."

Ilikuwa kweli. Nilijitafuta ndani nikakuta hakuna kitu, kama chumba kilichohamwa.

Aliyesema neno lililofuata ni mama, kutoka kitandani:

"Mkwe wangu, umeumia?"

Wasomaji wangu, tulieni hapo kwanza. Mama yangu haoni. Macho yalimfifia taratibu, mwaka huu ni wa sita. Mume wangu alikuwa amesema maneno mawili tu, tena kwa kunong'ona, nyuma ya bodi ya jipsamu ya dari. Mtu asiyeona angeshtuka, angeuliza "nani huyo?", angeita jirani.

Mama hakuuliza. Alijua ni nani, na alijua yuko juu.

Nirudi nyuma kidogo ili msipotee.

Nyumba yetu imeezekwa mabati. Msimu wa joto uliopita mama alizimia chumbani mwake. Jirani, ambaye humchungulia saa sita mimi nikiwa kazini, ndiye aliyemkuta sakafuni. Daktari alituambia wazi, mimi na mume wangu: kwa umri wake na moyo wake, chumba kisizidi nyuzi thelathini. Nikishindwa, nimtafutie pa kukaa.

Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu: kwa kaka yangu, kwenye baridi, siku mbili njiani. Tukakubaliana mimi, kaka na mume wangu. Joto likizidi thelathini wiki tatu mfululizo, mama anahama.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kupima, na nikishapima naamini. Nikaenda kumtafuta fundi.

Fundi Pamba, ndivyo wanavyomwita. Alipanda darini na marobota ya sufi ya kioo, ile ya njano inayofanana na pamba, akaitandaza juu ya dari nzima, katikati ya mbao, unene wa shubiri moja. Nilipanda naye ngazi. Alinionya mambo mawili.

"Madam, hii kitu usiiguse mikono mitupu, utajikuna wiki nzima. Na ukija huku, kanyaga mbao. Usikanyage bodi."

"Kwa nini usiishindilie ikae vizuri?"

"Ukiishindilia umeiua. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa humo ndani. Na pembeni tunaacha upenyo, paa lipumue."

Nilipenda jibu lile. Lilikuwa na sababu.

Namba zikamtetea. Kabla ya sufi, kilele cha joto chumbani kwa mama kilikuwa nyuzi thelathini na tano. Baada ya sufi, ishirini na tisa. Feni mbili zilizokuwa zikizunguka kutwa zilipumzika, na mita ya umeme ikashuka kutoka yuniti kumi na moja kwa siku hadi saba. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Fundi akaanza kuniita Madam Nyuzi.

Siku ya tatu nilimuuliza mama:

"Mama, unaonaje sasa?"

"Kumekuwa kimya," akasema.

Nikaandika chini ya neno Faida: kimya.

Wiki mbili baadaye namba zikaanza kupanda. Thelathini na moja. Wiki iliyofuata, thelathini na tatu. Nilibadilisha betri ya kipimajoto. Nikaleta kingine kutoka kazini, kikasema vilevile.

Nikampigia fundi.

"Fundi, umenipunja. Kuna sehemu hukujaza."

"Madam Nyuzi! Mimi? Nimejaza hadi kona ambazo hata panya hawazijui!"

"Namba zinapanda."

"Basi nakuja kuangalia. Nikikuta kasoro yangu, ninywe hilo vumbi."

Usiku nilipanga vipimo kwa tarehe. Joto lilikuwa halipandi ovyo. Lilipanda Jumanne, likabaki palepale hadi Jumanne nyingine.

Na Jumanne zote mbili mume wangu alikuwa na kikao cha mbali, na cha tatu kilikuwa njiani.

Kulikuwa na jambo jingine. Alikuwa anajikuna. Mikono, shingo, ndani ya viwiko. Alidai ni sabuni. Nikabadilisha sabuni, akaendelea.

Najua mnachofikiria. Kikao cha kila wiki, uongo wa sabuni... Mmeshaandika "mchepuko huo" huko chini kwenye maoni. Mimi sikuandika chochote. Niliomba ruhusa kazini, nikamwambia fundi aje saa nane na nusu, nami nikawahi.

Ndipo nikakutana na mguu.

Alishuka kwa ngazi ya nyuma, ile tunayoiweka ukutani kwa kufagia majani. Akaja hadi chumbani na vumbi kichwani, mikono imevimba vipele vyekundu. Mkononi alishika kipande cha sufi ya njano, kama mtoto aliyekutwa na mkate.

"Ni wewe unayeitoa," nikasema.

"Ndiyo."

"Jumanne zote tatu."

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Stoo. Nyuma ya magunia. Sijatupa hata robota moja."

Nilipanga ukweli mmoja mmoja. Mama asikae kwenye joto. Joto likizidi, mama anahama. Mume wangu anaondoa kinachozuia joto, kwa siri, kidogo kidogo, nisipokuwepo. Hesabu ile ilikuwa na jibu moja tu.

"Unamfukuza mama yangu kwa joto," nikasema. "Daktari alisema linaweza kumuua. Ulikuwepo. Uliitikia kwa kichwa."

Sauti yangu ilikuwa ileile ninayosomea majibu ya maabara. Mume wangu alishusha kile kipande cha sufi. Alimgeukia mama.

"Mama, niseme?"

"Usiseme, mkwe."

"Mama, atanielewa vibaya!"

"Akuelewe vibaya. Atapoa."

"Mtu aseme," nikasema. "Yeyote."

Mama alijikung'uta unga wa jipsamu mapajani. Akakaa wima.

"Saa ngapi saa hizi?" akaniuliza.

"Nane na dakika kumi na tisa."

"Unaona? Nimekuuliza wewe. Mwaka jana hukuwahi kunisikia nikimuuliza mtu saa."

Sikuelewa. Nilisema hivyo.

"Mwanangu, mabati yalikuwa yananiambia. Asubuhi jua likiyapata yanagonga. Ta... ta-ta. Yanaanzia huku dirishani, saa nne hiyo. Yakifika juu ya kabati, ni saa sita, najua jirani yuko njiani. Jioni yanapoa, yanagonga tena, taratibu, najua wewe unakaribia. Kunguru wakitembea juu, kumekucha. Mvua ikija naisikia tangu tone la kwanza. Sasa mmenitandikia hilo blanketi lenu juu. Nyumba mmeiziba mdomo."

"Ulisema kumekuwa kimya."

"Nilisema."

"Niliandika ni faida."

"Nilisikia kalamu," akasema mama.

Mume wangu ndiye aliyemalizia. Wiki ya pili baada ya kazi ya fundi, aliamka usiku kunywa maji, akamkuta mama kitini, amevaa, amejifunga kitambaa, amepakata mkoba. Anasubiri chai. Alikuwa amekaa hivyo hajui tangu lini. Ilikuwa saa nane usiku.

"Nikamwambia, Mama, bado usiku. Akanishika mkono akaniuliza, una hakika?" Mume wangu alikuwa anajikuna huku anaongea. "Mchana na usiku vimemchanganyikia. Akaniomba nimtobolee kidogo tu, hapo juu ya kitanda. Nikatoa robota moja. Akasema bado hasikii upande wa dirisha. Nikatoa la pili..."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alijibu mama.

"Nilimkataza. Ungepima. Ungekuta ishirini na tisa, ungeniambia niko salama, na ungekuwa sahihi. Ningebishana vipi na kipimo?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya unga wa jipsamu. Niliona sketi yangu inachafuka na sikuinuka.

Saa nane na nusu kamili fundi akabisha hodi. Aliingia, akatazama tundu, akatazama mguu wa suruali ya mume wangu.

"Lo! Kumbe panya wa nyumba hii wanavaa soksi!"

Hakuna aliyecheka. Baadaye mama akacheka peke yake, kidogo.

"Nilimwambia nini Madam, kaka mkubwa? Kanyaga mbao, usikanyage bodi!" fundi akamwambia mume wangu.

"Fundi," nikasema, "irudishe yote. Iko stoo."

"Hapana," akasema mama.

"Mama, leo ni thelathini na nne."

"Bora joto ninalolijua."

"Ulianguka. Ukianguka tena, huenda usiamke."

"Na nikikaa bila kujua kama ni leo au kesho, hiyo nayo unaiitaje?"

Hapo nikatambua kwamba swali lake lilikuwa la haki na langu lilikuwa la haki, na kwamba kwa mwezi mzima nilikuwa nimejibu langu tu.

Nilimuuliza fundi:

"Una bati moja?"

"La kuezeka nini?"

"La kusikiliza."

Alinitazama kama mtu aliyepewa dawa isiyo yake. Nikamchorea kwenye daftari, ukurasa uleule wa faida: fremu ya mbao, nje ya dirisha la mama, ukuta unaopata jua la asubuhi. Bati moja juu yake, limeinama kama paa. Halimfuniki mtu, halipashi chumba joto. Litapata jua, litapata mvua, litakanyagwa na kunguru.

Fundi alisoma mchoro muda mrefu.

"Misumari nikiikaza sana halitalia," akasema hatimaye. "Bati linalia likipata nafasi ya kujinyoosha. Nitatoboa matundu mapana, niilegeze."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake.

"Huyu ana akili," akasema.

Najua mtaniuliza: si ungemnunulia saa inayoongea? Tuliinunua mwaka wa kwanza wa upofu wake. Aliitumia siku mbili akaniambia inamwamrisha kama askari. "Tena haijui mvua," akasema, akaifungia kabatini.

Wengine mtaniuliza kama nimemsamehe mume wangu. Uongo wa Jumanne tatu ni uongo. Alimweka mama kwenye joto ambalo daktari alilikataza, na alifanya hivyo kwa sababu alimsikiliza kuliko nilivyomsikiliza mimi. Yote mawili ni kweli na siwezi kuyatoa moja kwenye jingine. Jioni ile nilimpaka mafuta mikononi. Ile ilikuwa dawa ya vipele, msiipe jina lingine.

Kama mko hapa kwa ajili ya funzo, langu ni fupi. Sufi ya darini inafanya kazi, na nyumba ya mabati inaihitaji. Weka, usiishindilie, acha upenyo pembeni. Ila anayelala chini yake akikupa neno moja, usilipeleke kwenye daftari kabla hujamuuliza lina maana gani. Mimi nilipewa neno "kimya" na mama yangu mzazi, nikaliweka upande usio wake.

Jumatano fundi alirudisha marobota yote na kuziba tundu. Mume wangu alimshikia ngazi, hakuruhusiwa kupanda. Alhamisi bati likafungwa nje ya dirisha. Ijumaa kulikuwa na mawingu. Halikutoa sauti, na mama hakusema kitu.

Jumamosi, jua. Nilikaa naye chumbani tangu saa tatu na nusu, daftari limefungwa. Kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Mama alikuwa na kikombe cha chai mkononi, uso ameuelekeza dirishani.

Saa nne na dakika tatu bati liligonga mara moja. Kisha mara mbili.

Mama akaweka kikombe chini.

"Saa nne hiyo," akasema.