Miduara Mitatu ya Thilo

Wiebke alikutana na Thilo sokoni, kando ya mfereji, mvua nyembamba ya Berlin ikishuka kama usingizi. Mfuko wake wa matofaa ulipasuka. Kijana mwenye sweta la kijani aliinama, akayaokota, akayafuta moja moja kwa mkono wa sweta lake. Kwa kufuta kule tu, Wiebke alikubali kunywa naye kahawa.

Baada ya hapo wakawa wanaandikiana kwenye Kiota, programu isiyo na kampuni wala tajiri. Watu wa kujitolea waliitengeneza, na Thilo alikuwa mmoja wao. Kiota kilionyesha umbali wa mtu, si mahali alipo. Jioni Thilo alimtania kwamba mita mia nane zilizo kati yao zinamnyima usingizi. Wiebke alicheka, lakini hakumwambia anakaa wapi. Mume ambaye yeye Wiebke alimkimbia huko Hamburg bado alikuwa akimtafuta, na hilo hakulisema kwa mtu.

Jumapili moja, akitoka kutupa taka, alimkuta Thilo langoni na maua. Kijana alieleza kwa furaha: alisimama sehemu tatu, kila mahali akasoma umbali, akachora miduara mitatu kwenye ramani. Ilipokutana, ndipo hapa.

"Kwa hiyo yeyote anaweza?" Wiebke aliuliza.

"Anayejua kuchora duara tu, mpenzi."

"Basi na yeye anaweza. Ondoka, Thilo."

Alifunga lango, akamweleza habari za mume kupitia lango lililofungwa, kisha akapanda ngazi na kuanza kufunga sanduku ili ahame.

Thilo hakurudi langoni, wala hakupiga simu. Aliandika pale wanaposoma watengenezaji wote kwamba yeye mwenyewe alitumia kasoro hiyo kumfuata mtu ambaye hakumwita. Wenzake walibisha kuwa watu wanapenda kuona umbali. Aliwabembeleza mpaka wakakubali kuufuta kabisa.

Wiebke aliyasoma yote, sanduku likiwa mlangoni. Jina lake halikutajwa, wala mtaa. Akapiga simu.

"Hujaniuliza niko wapi," alisema.

"Sitauliza tena. Ukitaka, utaniambia."

"Niko nyumbani. Umekula?"

"Bado."

"Njoo basi, mkorofi wewe. Ghorofa ya tatu, kushoto."

Majira ya kuchipua, maua ya mcheri yakidondoka dirishani, Wiebke alimwambia Thilo ahamie kwake. Kengele ya mlango wake, ambapo wapangaji huandika majina, siku zote ilikuwa haina jina, mume asije akalisoma.

"Tuandike lako," alisema. "Lako peke yake. Mimi nitalala nyuma ya jina hilo."