Kipruto Anazuia Choo

Asubuhi Mau Narok kuna baridi. Chelangat alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe. Mama mkwe wake, ambaye wajukuu humwita Kogo, alijaza kikombe kikubwa maziwa.

"Kipruto! Kuja unywe."

Kipruto, mtoto wa miaka miwili na nusu, hakuja. Alikuwa nyuma ya magunia ya viazi. Alisimama kwa ncha za vidole, amekaza miguu, jasho likimtoka.

"Anasukuma," Kogo alisema. "Mwache."

Chelangat alimtazama vizuri. "Mama, hasukumi. Anazuia."

"Mtoto azuie choo? Kwa nini?"

Chelangat alijua. Wiki iliyopita choo kilitoka kigumu kama jiwe. Kipruto alilia, na damu kidogo ikatoka. Tangu siku hiyo, akiona poti yake ya choo anapiga nduru. Sasa tumbo lilikuwa limejaa, na chakula hataki.

"Leta sabuni," Kogo alisema.

Alichonga kipande chembamba cha sabuni ya kufulia, ili amwingizie mtoto nyuma. "Baba yake nilimfanyia hivi. Alikufa?"

Alimshika mtoto. Kipruto akamng'ang'ania mama yake. "Mama, hapana! Hapana!"

Kubishana na mama mkwe si rahisi. Lakini Chelangat hakumwachilia mtoto.

"Mama, tafadhali, tungoje. Nimwite Akoth."

"Akoth ana mtoto mmoja tu! Atanifundisha nini?"

Akoth ni jirani yao, na ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alifika na viatu vyake vya gambuti vyenye matope. Aligusa tumbo la mtoto polepole. Akauliza kama ametapika. Hapana. Kama ana joto mwilini. Hapana.

"Anakunywa maziwa kiasi gani?"

Kogo alijivuna. "Kikombe hiki, asubuhi, mchana na jioni. Na mursik, maziwa yetu ya kuganda, juu yake. Hii ni boma ya ng'ombe!"

"Na maji? Matunda?"

"Ameshiba maziwa. Matunda ya nini?"

"Kogo, maziwa ni mazuri," Akoth alisema. "Lakini yakijaza tumbo, mtoto hali chakula kingine. Choo kinakuwa kigumu, kinamchana. Akiogopa, anazuia. Kikikaa ndani, kinazidi kuwa kigumu. Kesho kinamuumiza zaidi."

"Na sabuni?"

"Sabuni inachoma ndani. Na ukimshika kwa nguvu, ataogopa zaidi."

Kogo akaiweka sabuni chini.

"Tumbo ni gumu, hataki kula, na ametoka damu," Akoth aliendelea. "Twende kliniki leo. Tusingoje kesho."

Kliniki walipewa dawa ya maji ya kulainisha choo. Daktari aliwaambia wampe kila siku, hata akionekana amepona, mpaka yeye daktari mwenyewe aseme inatosha. Nyumbani, maziwa yakapunguzwa hadi vikombe viwili vidogo kwa siku. Kipruto akapewa maji, papai, maharagwe na sukuma wiki. Baada ya kula aliketishwa kwenye poti dakika chache, miguu ikikanyaga chini. Akikataa, waliacha. Hakuna kumpigia kelele.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Siku moja alichafua suruali. Kogo akainua mkono. Akamwangalia mtoto, akaushusha.

Kisha mchana mmoja, baada ya maharagwe, Kipruto akaenda kwenye kona. Akasimama kwa ncha za vidole. Chelangat akachuchumaa karibu naye.

"Dawa imelainisha choo. Usizuie, mtoto wangu."

Kipruto akatikisa kichwa. Machozi yakaanza.

Kogo akaketi sakafuni kando ya poti, magoti yakilia. "Kuja, baba. Nishike mkono. Mimi siendi mahali."

Kipruto alikuja. Akaketi. Kuku aliingia ndani, na hakuna aliyemfukuza. Chelangat alizuia pumzi.

Tup!

Kipruto alifumba macho, akingoja maumivu. Akangoja. Akafumbua jicho moja.

"Kogo," alinong'ona, "haijauma."

"Haijauma, baba."

Akasimama, akainama kuangalia. "Ni kubwa!"

"Ya mwanaume," Kogo alisema, akijifuta macho kwa leso.

Siku hizi hakuna anayemwita. Akisikia tumbo, anajiendea mwenyewe. Juzi Kogo alimfuata kama kawaida, akitaka kumshika mkono. Kipruto akamfukuza.

"Toka, Kogo. Niko kazi!"