Kilio Kwenye Mpunga

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Njaa nayo ilikuwa ikipungua. Watu wa Katindiuka walipanda mpunga tena.

Asubuhi moja Yosefina aligawa uji. Balbina, binti waliyemlea, hakuwepo.

"Yuko mtoni," alisema Kelestini, mumewe. "Anaogelea penye mamba."

Balbina alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba yake aliuawa vitani. Mama yake alikufa kwa njaa njiani kutoka Mahenge. Kelestini alimkuta huko peke yake, akamleta nyumbani.

Balbina alirudi akichuruzika maji. Wasichana wa jirani walimcheka. "Bibi harusi wa mamba! Mahari umeshapokea?"

Kelestini alishika fimbo. "Unataka kufa wewe?"

"Mamba akinichukua, nani atalia? Hapa kulia ni marufuku."

Ni kweli, walimkataza kuomboleza. Waliogopa askari wa Wajerumani wasije wakajua kuwa ni mtoto wa mpiganaji.

Bibi Digna, mkunga jirani yao, alisikia akaja.

"Shikamoo, Bibi," alisema Kelestini.

"Marahaba. Weka fimbo, mwanangu. Huyu si mkaidi. Ana msiba ambao hajaulilia."

"Askari watasikia!"

"Huzuni ikifungiwa, mtoto hakosi usingizi tu. Hukasirika, hata hutafuta hatari. Fimbo huizidisha. Msimwache peke yake mtoni. Mwulizeni habari za wazazi wake, mmsikilize. Na shambani kila mtu anapiga kelele kufukuza ndege. Nani atajua yupi analia?"

Kesho yake Yosefina na Balbina walipanda kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga.

"Mama yako aliitwa nani?" Yosefina aliona aibu. Hakuwahi kumwuliza.

"Katarina."

"Mwite."

Ndege walitua kwenye mpunga. Kisha Balbina akapaza sauti: "Mama! Mama Katarina, umeniachia nani?"

Kutoka mashamba ya jirani watu waliitikia, "Hooo! Hooo!" wakifukuza ndege wao. Yosefina alimkumbatia. Yeye mwenyewe alimlilia kaka yake aliyekufa vitani. Walilia mpaka sauti zikakauka.

Huzuni haikuisha siku ile. Zilikuwepo siku Balbina hakula. Kelestini hakumpiga tena. Alikaa naye tu.

Jioni moja Balbina alisimama mlangoni na mtungi.

"Mama, leo moyo wangu mzito. Naogopa kwenda mtoni peke yangu."

Yosefina aliacha kupika.

"Twende wote, mwanangu."

Walichota maji. Wakarudi wote wawili.