Hodi ya Mbali

Bi Khairat alikuwa akiishi Malindi na paka. Paka huyo aliitwa Sheha, kama kiongozi wa mtaa, kwa sababu huingia nyumba zote za mtaa bila ya kupiga hodi. Kila mchana Bi Khairat hupakua sahani mbili. Moja yake, moja ya mwanawe Machano, baharia wa meli ya mizigo, ambaye hayupo. Sheha hula sahani ya pili kwa heshima zote za mgeni rasmi.

Mazungumzo hakuna. Sheha si msemaji.

Siku moja jirani yake Zehra, mwalimu wa fizikia, alimkuta Bi Khairat akichokoa laini ya simu kwa pini ya ushungi.

"Shikamoo, Bi Khairat. Simu imeharibika?"

"Marahaba. Simu nzima. Mwanangu ndiye aliyeharibika. Nimempelekea sauti yangu, namuuliza keshakula? Kimya. Nikapeleka tena. Kimya. Ya tatu, kimya. Hodi ni mara tatu, Zehra. Hukujibiwa, unaondoka. Laini hii naitupa."

"Na akijibu, atakupata wapi?"

Bi Khairat akaitazama ile laini. Sheha naye akatazama pembeni.

Zehra akakaa. "Unaliona jua pale dirishani? Mwanga wake huchukua dakika nane kutufikia."

"Jua na mwanangu, wapi na wapi?"

"Nisikilize. Kipo chombo kinaitwa Voyager, kilirushwa mwaka 1977. Kilipita karibu na sayari ya Mshtarii, kikagundua volkeno zinazowaka kwenye mwezi wake mmoja. Kisha kikaendelea. Hakuna kitu kilichotengenezwa na mtu kilichofika mbali zaidi. Wataalamu wakikipelekea ujumbe, unakwenda kwa kasi ya mwanga, na bado unachukua karibu siku nzima. Jibu nalo, siku nyengine."

"Kipo peke yake huko?"

"Peke yake."

"Maskini," alisema Bi Khairat. "Na hao wataalamu hawaondoki mlangoni?"

"Hawaondoki. Hawasemi chombo kina kiburi. Wanajua njia ni ndefu. Machano hayuko mbali hivyo, lakini huko baharini simu yake haishiki mtandao mpaka afike bandarini. Hodi yako bado haijamfikia. Hodi tatu ni za mlango unaoufikia kwa mkono."

Laini ikarudi ndani ya simu. Siku zikapita, zote ndefu. Bi Khairat akaendelea kupakua, Sheha akaendelea kula.

Ijumaa moja, wali ukiwa bado motoni, simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa na Machano.

"Shikamoo, mama. Sauti zako zote tatu nimezipata leo, tumetia nanga. Nshakula. Wewe ushakula?"

Bi Khairat akabonyeza simu. "Marahaba, mwanangu. Bado, nakungoja."

Alijua huenda meli imeshaondoka. Akaituma sauti yake hivyo hivyo. Kisha akapakua sahani mbili, na Sheha akaingia bila ya hodi.